Moto wa Betri: Kuzima Mwali Hakutoshi

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko Kapseret, na sehemu kubwa ya riziki yake ni mizigo. Ndege hutua kutoka Ghuba na Mashariki ya Mbali na simu, kompyuta na vifaa vingine vyenye betri za lithiamu. Ndiyo maana wapakuzi na wazimamoto wa hapa wana la kujifunza kutokana na kilichofanyika Heathrow, London, Julai 12, 2013.

Boeing 787 ya Ethiopian Airlines ilikuwa imeegeshwa bila mtu ndani moshi ulipoonekana. Wazimamoto waliingia wakapuliza gesi ya haloni kwa kizimamoto cha mkononi. Haikufua dafu. Ikabidi wang’oe dari na kumwagia maji panapowaka, ndipo moto ukazimika. Wachunguzi wa Uingereza walikuta chanzo ni betri ya lithiamu ya kifaa cha kutuma ishara za dharura. Yaelekea nyaya zake zilibanwa na kifuniko, zikapiga shoti.

Haloni huua mwali, lakini haipoozi. Seli ya betri ikipata joto kupita kiasi, kemikali zake huvunjika na kuzaa joto jingine, ambalo huwasha seli ya jirani. Maji mengi huliondoa joto hilo. Ni kweli lithiamu tupu humenyuka ikikutana na maji, ila katika betri ndogo ni kiasi kidogo. Faida ya kupooza ni kubwa zaidi.

Angani mambo ni magumu zaidi. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliyobeba betri nyingi za lithiamu ilishika moto baada ya kuruka Dubai, ikaanguka na kuua marubani wake wawili. Tangu Aprili 2016, betri za ioni za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena ya ndege za abiria. Katika ndege za mizigo, chaji isizidi asilimia 30, kwa kuwa betri yenye chaji ndogo huwaka kwa nguvu ndogo.

Hatari nyingine ni moshi. Una haidrojeni floraidi, gesi inayounguza macho na mapafu. Bohari ikishika moto, wafanyakazi watoke wakae upande upepo unakotokea, na wanaoingia wavae mitungi ya hewa. Betri iliyozimwa iwekwe nje, mbali na shehena, na ilindwe: inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Nayo katoni iliyopondeka itengwe mapema, kabla haijatoa moshi.