Fundi na Mashine Iliyoachwa

Bonde la Kilombero ni bonde la maji. Uwanda wake wa mafuriko, ulioorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, una karibu kilomita za mraba 8,000, na masika yakichachamaa mito hudai nafasi yake. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia mitaa ya mji wa Ifakara. Mpunga huyapenda maji hayo, lakini picha huyaogopa. Albamu ikilowa, kurasa hugandana, rangi huchuruzika, na ukungu hula uso wa bibi arusi kuanzia pembeni. Ndiyo maana studio ya picha katika mji kama huu huwa na kazi mbili. Ya kwanza ni picha za pasipoti za wanafunzi na waomba kazi. Ya pili ni kurudisha sura zilizoharibika. Mtu huleta picha pekee iliyobaki ya marehemu baba yake, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akauliza kama kuna la kufanya.

Nataka kumsifu fundi anayejibu kwamba lipo. Zaidi, nataka kuisifu sehemu ya ufundi wake ambayo mteja haioni: kuifanya programu ya kuhariri picha ikubali kutumika kwenye kompyuta ambayo waliotengeneza programu hiyo hawakuikusudia.

Kompyuta nyingi za studio ndogo ni za mtumba. Zimetumika kwenye ofisi za watu wengine, zikafika Dar es Salaam, zikapanda basi kupitia Mikumi na Kidatu. Vyuma vyake bado ni vizima. Kilichokwisha ni uangalizi wa waliotengeneza mfumo wa kuziendesha. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014, ikaiacha Windows 7 Januari 2020, na zamu ya Windows 10 ikafika Oktoba 2025. Mfumo ulioachwa hivyo, ukichomekwa flashi za wateja kutwa nzima, hugeuka makao ya virusi. Fundi makini huung'oa, akaweka Linux, mfumo wa bure ambao virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviushiki kwa urahisi, na ambao una matoleo mepesi yanayozifaa mashine kuukuu.

Hapo ndipo shida inapoanza. Photoshop, ambayo mkono wa fundi umeizoea, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1990, na mpaka leo Adobe, kampuni inayoitengeneza, haijapata kuitolea toleo la Linux.

Wapo watakaosema atumie GIMP, programu ya kuhariri picha inayokwenda kwenye Linux. Ushauri huo una uzito. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1996, nayo ni ya bure. Kijana anayeanza leo nami ningemshauri aanze nayo. Lakini fundi wa miaka mingi ana mafaili yake: kadi za harusi, ratiba za mazishi, picha za familia zenye leya nyingi ambazo programu nyingine inaweza kuzifungua ikazivuruga. Ana pia mkono uliokwisha kujua kila kitufe kilipo. Na tangu mwaka 2013 Adobe imeyapeleka matoleo yake mapya kwenye malipo ya usajili, pamoja na kuhakikiwa kwa intaneti kila baada ya muda. Kwa anayenunua bando kwa kuhesabu shilingi, hilo si jambo dogo. Aliyenunua kihalali diski ya toleo la zamani ana haki ya kutamani iendelee kumtumikia. Nayo inatosha: brashi ya kuponya, inayofunika doa kwa kuazima ngozi safi iliyo jirani na kuilinganisha na mwanga wa mahali pale, ilikuja na Photoshop 7 mwaka 2002. Picha ya babu iliyoliwa na ukungu haihitaji zaidi ya hapo.

Njia anayoipitia fundi inaitwa Wine. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa, gari la Mahenge lilisubiri pantoni livushwe ndipo liendelee na safari. Wine ni pantoni ya namna hiyo. Programu huomba mambo kwa taratibu za Windows: nifungulie faili, nichoree dirisha, nipe fonti. Wine hulichukua kila ombi, ikalivusha hadi ng'ambo ya Linux, ikarudi na jibu. Programu haijui kwamba imevuka maji.

Kuijenga njia hiyo kumewachukua watu muda mrefu. Kazi ilianza mwaka 1993, na toleo la 1.0 halikutoka hadi Juni 2008. Waliokuwa wakiijenga walijiwekea mtihani wa programu chache ambazo zilipaswa kwenda sawa kabla ya namba hiyo kuandikwa, na toleo la majaribio la Photoshop CS2 lilikuwa miongoni mwake. Mapema mwaka huohuo Google ilieleza kwamba imeilipa kampuni ya CodeWeavers kuboresha namna Photoshop inavyokwenda ndani ya Wine. Kumbe haja ya mwenye studio aliyeko bondeni ilikuwa pia haja ya wengine wengi, na ilipewa uzito wa kupimia kazi ya miaka 15.

Hata hivyo njia kuwepo si sawa na kufika. Programu huanza kusimika, ikasita katikati. Au husimikwa yote, ukaibofya, dirisha likachungulia na kupotea. Asiye fundi hapo husema mashine imekataa, akaizima. Fundi huifungua tena kupitia terminali, pale ambapo kila kinachotokea huandikwa mstari kwa mstari, akaanza kusoma. Kukataa kwa kompyuta kuna jina. Mstari mmoja husema faili fulani halikupatikana, na hutaja pia nani alilihitaji. Huenda ni gdiplus, maktaba ya kuchorea. Huenda ni atmlib, inayoshughulikia fonti. Fundi hulileta linalokosekana, mara nyingi kwa msaada wa Winetricks, chombo cha kuongezea Wine maktaba kama hizo, kisha hujaribu tena. Programu huenda hatua moja mbele, ikakwama kwa kosa jipya, naye akafurahi, kwa sababu kosa jipya ni ushahidi kwamba lile la kwanza limekwisha.

Kuna nidhamu ndani ya kazi hii. Kila programu hupewa folda yake inayojifanya diski C, ili ikiharibika isiharibu nyingine. Kinabadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilichoponya. Umeme ukikatika katikati, fundi huanza upya bila kununa. Na panapo mpaka huukubali: kama kifaa cha kuandikia maneno kinaiangusha programu, maneno atayaandika kwa programu nyingine. Kama printa haisikii kupitia Wine, atahifadhi picha na kuichapa kutoka upande wa Linux. Mchagua jembe si mkulima, wasema wahenga, na bonde la mpunga linaelewa. Ila mkulima huyohuyo hulinoa jembe lake, naye anajua pia ni udongo upi halitauweza.

Ninachokiheshimu zaidi ni hukumu iliyo nyuma ya subira hiyo. Kwenye boksi la programu huandikwa mifumo inayokubalika. Orodha hiyo ni ahadi ya kampuni kuhusu itakachokihudumia, nayo ilipangwa kwa hesabu za soko na gharama. Wengi huisoma kana kwamba ni sheria ya maumbile. Fundi huisoma inavyostahili. Anajua kwamba yako mambo ambayo hayawezekani kweli, na yako ambayo hakuna aliyelipwa kuyawezesha, na hazitenganishi aina hizo mbili kwa kubahatisha. Hujaribu, akaona. Sehemu kama yetu, ambazo mara chache huwamo katika hesabu za wanaopanga orodha hizo, zinauhitaji ujuzi huo kuliko nyingine.

Na ujuzi huo hukua unapoandikwa. Wine imedumu si kwa waandishi wa programu peke yao. Imedumu pia kwa maelfu ya watumiaji waliojaribu programu moja moja na kuziwekea madaraja, kuanzia platinamu, dhahabu, fedha na shaba hadi takataka, wakieleza toleo gani walitumia na nini kiligoma. Hata kwetu moyo huo si mgeni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba programu huria hazihitaji kutungojea tuwe soko ndipo zituhudumie.

Kwa hiyo namsihi kila fundi wa studio, Ifakara, Mlimba au Malinyi, awe na kauntabuku mezani. Aandike toleo la Wine alilotumia, maktaba alizoongeza na kwa mpangilio upi, kipi kilikubali na kipi kiligoma. Kisha ampe mwanafunzi wake buku hilo pamoja na mashine moja kuukuu, amwache asome makosa kwa macho yake mwenyewe. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kubofya programu inayokwenda. Vifundishe pia kuuliza kwa utaratibu kwa nini nyingine haiendi. Kijana aliyejifunza kuuliza hivyo hatakuwa fundi wa picha peke yake. Kesho ataletewa kompyuta ya zahanati, ya ghala la mpunga au ya shule, iliyoachwa na walioitengeneza, naye atajua pa kuanzia.