Shimo la Mita 400

Katika tafsiri zihusuzo mchezo wa gofu, neno "shimo" limetwishwa mzigo usiobebeka. Shimo lenyewe, mahali mpira uingiapo, lina kipenyo cha milimita 108 tu. Lakini neno hilo hilo hutumiwa kwa eneo zima, tangu mpira upigwapo mara ya kwanza hadi penye bendera. Ndipo msomaji hukutana na "shimo la mita 400". Katika hati ya zabuni jambo hili halichekeshi: mkandarasi hulipwa kwa kuchimba.

Kiingereza kimeridhika na neno moja kwa maana mbili. Sisi hatulazimiki kuurithi uhaba huo. Wakulima wanalo neno "ngwe", yaani kipande cha shamba kilichopimwa kwa kulimwa, nalo limekwisha kuingia michezoni kwa maana ya sehemu ya pambano. Napendekeza basi: kiwanja cha ngwe 18, kila ngwe na shimo lake.

Tatizo kubwa zaidi ni "mwinuko". Msanifu wa kiwanja huzingatia kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, na pia jinsi ardhi ipandavyo au ishukavyo ndani ya ngwe. Yote mawili huitwa mwinuko. Sasa, mpira upigwao kuelekea juu hutua mapema, hivyo ngwe hiyo hudai pigo la nguvu zaidi. Lakini Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko Tanga mjini. "Mwinuko hufupisha mruko". "Mwinuko hurefusha mruko": sentensi zote mbili ni kweli, na mwalimu atakayeziandika ubaoni ataonekana amechanganyikiwa! Neno hili libakie la jiografia. Kwingine vitenzi vyatosha: ngwe ya kupanda, ngwe ya kuteremka.

Hata hivyo, si kila ardhi ishukayo ni mteremko. Mahali pengi kati ya Tanga na Mombasa nchi hukatika ghafula juu ya bahari, penye kingo za mawe ya matumbawe. Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, iko juu ya ukingo wa namna hiyo. Mchezaji hateremki hapo; mpira ukipotoka huanguka majini. Neno lake ni "genge". Wapo watakaolikataa kwa kuwa mijini genge ni kibanda cha kuuzia vyakula, lakini sidhani yupo atakayeusaka mpira huo kwenye nyanya na vitunguu.