Mizani ya Kijivu: Kuchagua Programu ya Picha Nyeusi na Nyeupe Arua na Koboko

Mpiga picha wa Arua au Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, atakaye kuigeuza picha ya rangi iwe nyeusi na nyeupe hakosi chombo cha kumtimizia haja hiyo, kwani hata simu ya bei nafuu huwa nacho, na kwa mguso mmoja rangi zote hutoweka. Walakini kutoweka kwa rangi ni jambo moja, na kubaki kwa picha yenye nuru, kina na insafu kwa sura za watu ni jambo jingine, na baina ya mambo hayo mawili ndipo ilipo mizani ya kupimia programu.

Zamani uamuzi wa jinsi kila rangi igeukavyo kijivu ulifanywa wakati wa kupiga picha, kwa filamu. Fundi wa zama za filamu nyeusi na nyeupe, kabla hajafyatua kamera, aliweza kuweka mbele ya lenzi kioo cha manjano au chekundu ili mbingu iwe nzito na mawingu yadhihirike. Sisi wa kamera za kidijitali tumejaliwa kuuahirisha uamuzi huo mpaka picha ifike mezani, lakini hatukujaliwa kuukwepa, maana tusipoamua wenyewe, programu huamua kwa niaba yetu.

Ichukuliwe mathalani picha ya mojawapo ya njia za udongo zichepukazo kutoka barabara kuu ya lami iendayo Koboko na Oraba, udongo ukiwa mwekundu katikati na majani mabichi yakiwa kandoni. Kila nukta ya picha ya JPEG hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Tuseme nukta ya udongo ina 170, 95 na 60, na ile ya majani ina 90, 135 na 60. Kanuni mashuhuri iliyorithiwa kutoka katika televisheni, na ambayo JPEG yenyewe huitumia, huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Ukijumlisha, udongo hupata 113, na majani nayo hupata 113. Vitu viwili ambavyo macho huvitenga papo hapo vimekuwa kijivu kimoja, na njia imezama katika nyasi. Programu za daraja ya kwanza, zinazotoa kitufe kimoja tu, hazina dawa ya ugonjwa huu.

Daraja ya pili ni programu zinazomruhusu mtu kuchanganya chaneli tatu kwa kipimo chake mwenyewe, kama GIMP ifanyavyo. Akichukua asilimia 60 ya nyekundu na 40 ya kijani, udongo hupanda kufikia 140 na majani hushuka hadi 108, na njia hurudi kuonekana. Lakini mbingu yenye 120, 165 na 215 huangukia 138, karibu sawa na udongo, hata upeo wa macho ukaanza kufifia. Ndipo daraja ya tatu inapohitajika, ya programu kama Lightroom, ambamo rangi nane hupandishwa au kushushwa kila moja peke yake, udongo ukaangazwa na mbingu ikatiwa giza bila ya moja kuidhuru nyingine.

Hata hivyo mtihani mkubwa kuliko yote ni uso wa mtu. Mweke mama wa makamo, kitenge chake mabegani, mbele ya ukuta wa matofali ya kuchoma katika jiji la Arua. Ngozi yake nyeusi, tuseme 95, 62 na 48, hupata 70 kwa kanuni ya televisheni, na ukiifuata chaneli ya kijani peke yake hupata 62, uso ukapoteza mikunjo na mng'ao wake. Nuru ya ngozi hiyo imo zaidi katika nyekundu. Lakini tofali nalo ni la ukoo uleule wa rangi, baina ya nyekundu na manjano, hivyo anayeinua rangi ya uso huinua na ukuta, na ukuta uliong'aa huuzidi uso nguvu. Hapa kutenga rangi hakutoshi. Lazima kutenga mahali. Katika GIMP hutengenezwa tabaka mbili za picha ileile, moja kwa ajili ya uso na moja kwa ajili ya ukuta, kisha hufunikwa na kufunuliwa kwa brashi. Katika darktable, programu nyingine ya kompyuta, huchorwa eneo, au huchaguliwa kwa kiwango cha mwanga. Katika Snapseed ya simu, kidole huwekwa juu ya uso na mwanga ukaongezwa hapo tu.

Ipo pia hesabu ya mfuko. Adobe, kampuni yenye Lightroom, tangu mwaka 2013 imeelekea kuuza programu zake kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, nazo huhitaji intaneti mara kwa mara kuthibitisha malipo. Silver Efex, programu iliyosifiwa sana kwa picha nyeusi na nyeupe, ilitolewa bure na Google mwaka 2016, ikauzwa kwa DxO mwaka 2017, na leo inalipiwa. GIMP na darktable zina leseni huria, na kwa hiyo nakala yaweza kuchukuliwa kwa flashi kutoka Arua hadi Koboko kihalali, pasipo kutumia bando wala kumwomba mtu ruhusa.

Hukumu yangu basi ni hii: studio yenye kompyuta ya zamani na picha za JPEG ishike GIMP; mwenye kamera itoayo faili ghafi (RAW), ambayo kwa biti 14 huwa na ngazi 16,384 badala ya 256, na kompyuta yenye nguvu, ashike darktable; na mwenye simu tu aanze na Snapseed. Lakini kabla ya kuridhika na yoyote, ijaribu kwa picha ya uso mweusi mbele ya ukuta wa matofali. Programu isiyoweza kuinua nuru ya uso bila ya kuung'arisha ukuta haifai kwa picha za watu wa West Nile, hata ikiwa ni ya bure.