Bahari Iliyochorwa Ukutani

Watu huhakiki vitabu, tamthilia na nyimbo. Mimi leo nataka kuhakiki chumba. Ni chumba cha ndani ya meli ya matembezi, wanamowekwa watoto wadogo wakati wazazi wao wakistarehe. Msomaji akiniuliza nina mamlaka gani ya kutoa hukumu katika jambo hili, nitamjibu kuwa nilifundisha watoto wadogo mjini Tanga kwa miaka 31, katika zile shule za chekechea ambazo enzi zetu watu waliziita shule za vidudu. Meli siijui sana. Chumba cha watoto nakijua.

Nilikuwa nimekwenda Marekani kumtazama mwanangu, anayeishi Houston, Texas, pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka 4. Mkewe ni muuguzi wa zamu za usiku; mwanangu naye hutoka nyumbani alfajiri. Walikuwa wamedunduliza fedha mwaka mzima ili sote tupate siku chache za kukaa pamoja, nao wakaona kuwa mahali pazuri pa kukaa pamoja ni melini. Tukapanda meli katika bandari ya Galveston kwa safari ya usiku 5: kwanza Cozumel, kisha Progreso, zote za Meksiko, halafu kurudi. Meli siitaji jina wala kampuni yake, kwa kuwa nitakayoyasema hayaihusu meli moja tu.

Asubuhi ya siku ya tatu mume wangu alitupigia simu, kule Tanga ikiwa jioni. Akazungumza na mjukuu wake, akamwuliza, "Haya babu, bahari ikoje huko?" Mtoto akajibu bila kusita, "Ina pweza anacheka. Ana kofia." Babu yake akacheka sana. Mimi sikucheka, maana nilimjua pweza yule. Alikuwa amechorwa katika ukuta wa klabu ya watoto, rangi ya zambarau, na kando yake papa mwenye miwani. Tulikuwa juu ya maji tangu juzi, na mtoto alipoulizwa habari za bahari akaeleza ukuta. Si kwamba hakupita kando ya bahari yenyewe. Alipita, akishikwa mkono, akienda klabu.

Siku ile ndipo nilipoanza kukitazama chumba kile kwa jicho la mwalimu.

Kuwawekea watoto chumba melini si jambo la jana. Queen Mary, meli ya Waingereza iliyoanza safari zake mwaka 1936, ilikuwa na vyumba vya watoto kuchezea. Lakini abiria wa siku zile walikuwa wakienda mahali, na chumba cha watoto kilikuwa msaada katika safari. Katika meli za leo za matembezi, meli yenyewe ndiyo mahali, na chumba cha watoto kimekuwa moja ya sababu za kuichagua. Disney ilipoingiza majini Disney Magic mwaka 1998, karibu sitaha nzima ilitengewa watoto. Royal Caribbean wana mpango wao waitao Adventure Ocean, na Carnival wana wao waitao Camp Ocean. Katika meli nyingi watoto hugawanywa kwa umri, walio wadogo wakiwa na kundi lao, na makampuni mengi hayampokei katika kundi hilo mtoto ambaye bado anavaa nepi. Gharama imo ndani ya nauli. Ila katika meli nyingi, kuanzia saa 4 usiku mzazi hulipa kwa kila saa.

Mhakiki mwema huanza na sifa, nami sifa ninazo, tena si za kubembeleza.

Kwanza, usalama. Siku ya pili nilikwenda kumchukua mjukuu wangu mapema. Binti wa mlangoni akanitazama, akaangalia orodha yake, akaniambia kwa adabu kwamba jina langu halimo, kwa hiyo hawezi kunipa mtoto. Nikamwambia mimi ni bibi yake. Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma yake akipiga kelele, "Bibi! Bibi!" Binti hakulegea. Ilibidi mwanangu aje aandike jina langu na kunipa neno la siri. Watu waliosimama nyuma yangu walidhani nimekasirika. La hasha, nilitamani kumkumbatia binti yule. Katika miaka yangu 31 nimewahi kumpa mtoto mtu aliyejiita mjomba, nikaja kukosa usingizi usiku mzima mpaka nilipothibitisha kuwa kweli alikuwa mjomba.

Pili, usafi. Hakuna aliyeingia bila kunawa mikono, na jioni niliona vitu vya kuchezea vikifutwa kimoja kimoja. Katika meli, ambako ugonjwa wa tumbo huweza kuenea upesi, hilo ni kubwa.

Tatu, na hili nalisema kwa uzito, klabu ile ilimpa usingizi mkaza mwanangu. Siku ya pili alilala mpaka saa 8 mchana. Nilipomwona amekuja mezani, uso umenawiri, nilikumbuka kuwa sijapata kumwona vile tangu arusi yao. Anayedhani mama anayemkabidhi mtoto wake kwa saa chache amemtupa, huyo hajakesha wodini na kisha kurudi nyumbani kupika uji.

Sasa nije kwenye kasoro.

Kasoro ya kwanza ni kwamba katika chumba kile hakuna kitu ambacho hakijakamilika. Karatasi za kupaka rangi zimekwisha chorwa. Maskani ya maharamia yamekwisha jengwa. Hata mchezo una mwisho wake unaojulikana, na kila baada ya nusu saa kengele hulia, watoto wakahamishwa kwenye jambo jipya kabla hawajachoshwa na la zamani. Ukikaa na watoto wadogo kwa muda mrefu utajifunza kuwa kule kuchoshwa ndiko mlango. Mtoto akichoka na alichopewa, hutulia kidogo, huchokonoa pua, kisha hugeuza kiatu kikawa ngalawa. Wa klabu ile hawakuachiwa nafasi ya kuifikia ngalawa. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, baadaye aliiita bustani ya watoto. Katika bustani mche huachiwa muda. Hapa palikuwa kama duka la maua: kila kitu kimechanua, na hakuna kilichoota.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Chumba hakikuwa na dirisha hata moja. Nilizunguka kuta zake kwa macho nikiwa mlangoni, nikaona mawimbi ya rangi, samaki wa rangi, jua la rangi. Chumba chetu cha kulala nacho kilikuwa cha ndani, kama vilivyo vyumba vya bei nafuu, kwa hiyo hapakuwa na dirisha huko pia. Mtoto alikuwa akitoka katika sanduku moja kwenda katika sanduku jingine, na baina yake kuna lifti.

Nilimwuliza binti wa mlangoni, ambaye kwao ni Ufilipino, kwa nini watoto hawapelekwi sitahani angalau nusu saa wakaone maji. Akanijibu vizuri: kuna upepo, kuna ukingo, watoto ni wengi na walezi ni wachache. Nikakubali. Nikamwuliza tena, basi kwa nini pasiwe na dirisha la kioo kizito? Akatabasamu, akasema, "Hata mimi, mama, huiona wakati wa mapumziko tu." Sikuwa na swali jingine.

Siku ya nne tulifika Progreso. Bandari ile ina gati la ajabu, urefu wake kilomita 6 na nusu hivi, kwa sababu maji ya pwani ile hayana kina na meli kubwa haiwezi kusogea karibu. Abiria huchukuliwa kwa basi kutoka mwisho wa gati hadi mjini, maji yakiwa huku na huku. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kuliko zote. Nilitaka mjukuu wangu akae dirishani, tuhesabu ndege kwa Kiswahili, kwa kuwa tulikuwa tumefikia saba kabla ya kupanda meli, na mimi muda wangu wa kukaa naye ulikuwa umebaki wiki mbili tu.

Alikataa kutoka. Siku ile klabu ilikuwa na karamu ya maharamia. Alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili akalia mpaka akatapika kidogo.

Mwanangu akaniambia, "Mama, mwache. Si unaona amefurahi?"

Nikamwambia, "Naona, baba. Lakini hata sukari mtoto huifurahia."

Halikuwa jibu zuri, kwa maana lilimwumiza. Alikuwa amelipia safari ile kwa jasho lake. Tukaenda Progreso watu wazima watatu, tukakaa ndani ya basi kimya, na mimi nikahesabu ndege peke yangu.

Kwa nini chumba kimetengenezwa hivi? Sidhani kwamba wanaokitengeneza wanawachukia watoto. Jibu limo katika hesabu. Katika makampuni makubwa ya biashara hii, takriban theluthi moja ya mapato hutokana na kile abiria anachonunua baada ya nauli: vinywaji, kamari, maduka, kukandwa mwili, matembezi ya bandarini. Mzazi aliyeshika mkono wa mtoto hanunui sana vitu hivyo. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya klabu ni kwamba mtoto asitake kutoka. Mlezi wa kweli kipimo chake ni kingine: mtoto anarudi kwa mzazi wake akiwa na nini mkononi na mdomoni? Mjukuu wangu alirudi na karatasi ya kunata kifuani, na usingizi.

Nimeyaandika hayo kwa ukali, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo ningependa kulificha. Mwaka 1987, tulipojenga darasa la pili pale shuleni kwangu, mimi mwenyewe nilimwambia fundi mwashi ayapandishe madirisha juu ya vichwa vya watoto. Darasa la kwanza lilikuwa na madirisha ya chini, na watoto walikuwa wakitazama ngalawa zikirudi badala ya kutazama ubao. Fundi aliniuliza, "Mwalimu, watapata kuona nini?" Nikamjibu, "Wataniona mimi." Wazazi walinisifu kwa utulivu wa darasa lile. Kwa miaka mingi watoto wa Tanga walijifunza herufi katika chumba nilichowafungia bahari, na ukutani nilikuwa nimewachorea samaki. Samaki wangu hakuvaa kofia, lakini alikuwa akicheka.

Kwa hiyo nikisema chumba cha melini kina kasoro, sisemi kama mtu aliye nje ya kosa. Nasema kama fundi anayeitambua kazi ya fundi mwenzake.

Asubuhi ya mwisho niliamka saa 11 alfajiri, nikamvika mtoto sweta, nikambeba hadi sitahani. Tulikuwa tunakaribia Galveston. Kwa mbali zilionekana taa za mitambo ya mafuta, na maji yalipoanza kupata mwanga yalikuwa ya kahawia, si ya bluu kama ya ukutani. Aliyatazama. Akaniuliza kama klabu imekwisha funguliwa. Nikamwambia bado. Akanyamaza, akachoshwa, akavuta uzi wa sweta yake. Nami nikanyamaza, ingawa nilikuwa na mengi ya kumwonyesha. Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kumwacha achoke. Baada ya muda akaninyooshea kidole, mwari walikuwa wakipita chini chini juu ya maji, mmoja nyuma ya mwingine. Akaanza kuhesabu mwenyewe. Alipofika saba akasimama, akanitazama. Nikamwambia, "Nane." Akasema, "Nane."

Sikumtengeneza mtoto kwa asubuhi moja, wala sidai hivyo. Siku tuliyorudi Houston alilia kwa kuikosa klabu.

Kwa wazazi watakaosafiri hivyo, ushauri wangu ni mfupi. Kitumieni chumba kile bila haya, hasa kama mmechoka, lakini kipeni nusu ya siku, si siku nzima. Siku ya bandari mtoto atoke nanyi hata akilia. Na kabla ya kulipa nauli, ulizeni swali ambalo sijaliona katika vipeperushi vyao: chumba kina dirisha? Yapo matumaini. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2024, imetengewa eneo la wazi la familia zenye watoto wadogo, waitalo Surfside, ambako mzazi na mtoto hukaa pamoja badala ya kuachana mlangoni. Sijaliona kwa macho, lakini wazo lake ni jema.

Ama kuhusu darasa langu, niliporudi Tanga nilikwenda kumwona mwalimu aliyeshika nafasi yangu. Nilimwomba aniruhusu nilete fundi kwa gharama yangu. Aliniuliza watoto watawezaje kusoma wakiwa wanaangalia nje. Nikamwambia ataona. Dirisha moja limekwisha shushwa. La pili linangoja saruji.