Baraza Baada ya Kipenga

Tarehe 17 Desemba 2017, mjini Machakos, Zanzibar Heroes ilipoteza fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mbele ya wenyeji Kenya. Dakika 120 zilikwisha kwa sare ya mabao 2–2. Mikwaju ya penalti ikaamua 3–2. Magazeti yaliimaliza habari hiyo kwa siku chache. Baraza hazijaimaliza hadi leo. Ikitajwa Machakos penye kahawa, iwe Jaws Corner katika Mji Mkongwe au kwenye ubao wowote wa mbele ya duka huko Ng'ambo, atapatikana mtu wa kuweka kikombe chini na kueleza nani angetolewa, nani angeingizwa, na mkwaju upi ulifaa upigwe na nani.

Maneno hayo aghalabu huhesabiwa kuwa porojo. Wapenzi wa ushairi, hasa wale wanaolalamika kuwa vijana wa siku hizi hawajui tena kuhakiki jambo, huyapita mbio wakielekea kwenye vitabu. Hapo hukosea. Mazungumzo ya mashabiki baada ya mechi ya kombe ni uhakiki kamili: yana kazi inayohakikiwa, yana istilahi, yana makundi yenye misimamo, na yana hukumu inayoweza kumwinua mtu au kumwangusha. Shairi nalo lilipimwa barazani kabla halijapimwa darasani. Basi inafaa uhakiki huu wa mpira usikilizwe kwa sikio lile lile, na uhakikiwe nao.

Kwanza, mwendo wake. Mabishano ya mashabiki hayaendi kama hotuba, huenda kama pindu. Msemaji wa pili hulidaka neno la mwisho la msemaji wa kwanza na kulifanya mwanzo wa ubeti wake. Akisema mmoja kuwa kiungo alichoka, wa pili ataanzia hapo hapo kwenye kuchoka: hakuchoka, alichoshwa, na wa tatu atauliza alichoshwa na nani, na hapo lawama imekwisha kutoka kwa kijana imemfikia kocha. Atakayeleta hoja mpya bila ya kushika mkia wa hoja iliyotangulia hasikilizwi, hata awe na haki. Ni kanuni kali, na ina faida yake, kwani humlazimisha kila mtu kumsikia mwenziwe walau mpaka neno la mwisho.

Pili, msamiati. Mchezo umekuja na meli, lakini majina mengi ya ufundi wake yameshonwa hapa hapa. Mpira ukipitishwa juu ya kichwa cha mpinzani na kupokewa nyuma yake, mpinzani amepigwa kanzu. Anayelijua vazi ataona mara moja kwa nini: kanzu huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na aliyevishwa na mwenziwe bila ya ridhaa ni kama mtoto siku ya Idi. Mpira ukipita baina ya miguu, hilo ni tobo, neno fupi lenye aibu nzima ndani yake. Dakika za mwisho ni za lala salama. Ndani ya maneno mawili mna mchezo unaokwenda kitandani na hofu ya kuwa huenda usiamke. Washairi wengi wa vitabuni wangetamani kupata picha zenye uchumi wa namna hii. Mashabiki huzitumia bila ya kujua kuwa wanazo, na ndiyo sababu hazijachakaa.

Kuna pia zile namba. Kwa shabiki wa pwani, namba 6 si jezi bali ni mahali na kazi: mtu anayesimama mbele ya walinzi, anayevunja na kuanzisha. Namba 10 ni yule anayecheza nyuma ya mshambuliaji. Kijana anaweza kuvaa jezi yenye 27 mgongoni na bado baraza ikasema anacheza namba 8, na kila mtu akaelewa. Mfumo huu umebaki tangu enzi ambapo jezi ziliishia 11, nao kwa mashabiki hufanya kazi ifanywayo na vina na mizani kwa msikilizaji wa shairi. Unamwambia nini kinatarajiwa mahali gani, ili aweze kutambua pale kilipovunjwa, na kama kimevunjwa kwa kutojua au kwa makusudi.

Hapa ndipo uhakiki wa baraza unapokuwa na thamani kubwa, nayo ni katika kumpima mchezaji chipukizi. Shabiki mchanga humsifu kinda kwa chenga. Mzee aliyekaa miaka mingi kwenye majukwaa ya Amaan au Gombani hutazama jambo jingine: kijana alifanya nini kabla mpira haujamfikia. Aligeuza shingo? Aliufungua mwili, au aliupokea akiwa amelipa goli mgongo? Alipopoteza mpira, hatua yake ya kwanza ilikuwa ya kwenda mbele au ya kuinua mikono kumlalamikia mwamuzi? Haya ni maswali ya mhakiki wa kweli. Hayana tofauti na ya yule asikilizaye shairi jipya na kuacha kusifu vina, kwa kuwa vina vinaweza kutafutwa, akasikiliza kama mizani imetimizwa kwa maneno yenye kazi au kwa vijineno vya kujazia. Chenga isiyompeleka mtu popote ni neno la kujazia. Umati hupiga makofi. Mzee huangalia kando.

Katika miaka ya karibuni imeingia lugha nyingine. Televisheni imeleta ligi za Uingereza na Hispania mpaka kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, na pamoja nazo 4-2-3-1, 3-5-2, kupaki basi, kukaba kwa kupanda juu. Si vibaya. Kijana wa leo huweza kueleza kwa nini winga aliachwa peke yake dhidi ya watu wawili, jambo ambalo babu yake angelieleza kwa kusema tu kuwa upande ule ulikuwa umelala. Lakini lugha hii mpya ina kasoro iliyo wazi: huizungumzia mechi ya Machakos kama kwamba ilichezwa na timu zenye mwezi mzima wa mazoezi na benchi la nyota ishirini. Mfumo hutajwa kabla ya watu watakaoucheza. Kocha Hemed Suleiman, yule aitwaye Morocco, ambaye baadaye alikuja kuiongoza Taifa Stars, alikuwa na wachezaji wengi wa ligi ya visiwani. Uhakiki usioanza na alichonacho msanii mkononi humhukumu kwa kitabu ambacho hakuwahi kukusudia kukiandika.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya zamani, nayo ni kuusoma mchezo kutokea mwisho kwenda mwanzo. Zitazamwe habari za mechi yenyewe. Kenya ilipata bao mapema mno. Zanzibar ikasubiri mpaka dakika za lala salama ndipo Khamis Makame aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Kenya ikatangulia tena, na Makame yule yule akasawazisha tena. Kisha kipa wa Kenya, Patrick Matasi, akaokoa penalti tatu. Baraza inayoshikilia kuwa Heroes ilicheza kwa woga huishika ile saa nzima na zaidi ya kusubiri. Baraza inayoshikilia kuwa ilicheza kwa subira huishika saa hiyo hiyo. Lau kipa angeokoa mbili badala ya tatu, kundi la kwanza pengine lingekuwa na watu wachache mno. Penalti tatu zimegeuzwa hukumu ya dakika 120, na hiyo si haki kwa mchezo wala kwa vijana walioucheza. Katika hatua ya makundi Zanzibar hiyo hiyo ilikuwa imetoka suluhu na Kenya hiyo hiyo, imeifunga Rwanda 3–1 na Kilimanjaro Stars 2–1, na imefungwa na Libya 1–0. Katika nusu fainali iliitoa Uganda, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa 2–1. Mechi sita zote ni kazi moja. Ni nadra kusikia barazani mtu akizisoma kama kazi moja.

Kuna sababu ya kutosomwa hivyo, na sababu hiyo haimo uwanjani. Mwezi Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Soka Afrika. Mwezi Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Miezi mitano baadaye vijana hawa wakafika fainali. Mtu anayebisha juu ya kiungo aliyechelewa kurudi kukaba huwa, mara nyingi, anabisha juu ya lile la Julai, ambalo hana mahali pa kulibishia. Ndiyo maana sauti hupanda kupita kiasi cha jambo linalozungumzwa. Ndiyo maana pia kijana aliyekosa mkwaju hupewa mzigo ambao haukuwa wake: alikosa goli, naye akahesabiwa kuwa amekosa nchi. Mhakiki wa ushairi anaijua hali hii. Kuna wakati shairi la mtoto wa skuli husomwa kama tamko la umma, na mtoto akashangaa kwa nini watu wazima wanagombana juu ya beti zake.

Anayetaka kuona hukumu za baraza zinavyoweza kutofautiana na maisha ya mchezaji na amwangalie Feisal Salum. Katika kikosi kile alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka JKU. Mwaka uliofuata alikwisha kuwa Yanga, na mwaka 2023 akahamia Azam. Jina lake la utani, Fei Toto, limebaki naye. Jina la utani ndilo uhakiki mfupi kuliko wote, na hili ni zuri kwa kuwa halikumsifu wala halikumkejeli. Lilitaja umri tu, likamwacha akue ndani yake. Sasa ni mtu mzima na utoto umebaki katika jina, kama kibwagizo kinachorudi huku maana ya beti ikiwa imekwisha kubadilika.

Lakini kuvuka kwake bahari kunafungua upande mwingine wa maneno ya mashabiki wa visiwani. Kumsifu sana kinda hapa ni sawa na kumwaga. Kila akisemwa vizuri, anasogea hatua moja karibu na boti ya Dar es Salaam, kwenye klabu zenye fedha ambazo ligi ya Zanzibar haina. Kwa hiyo hutokea mashabiki wakampunguzia kijana wao sifa kwa makusudi: bado, hajaiva, mguu wa kushoto hana. Asiyejua atadhani ni ugumu wa kuridhika. Kumbe ni namna ya kumficha mtoto na jicho la mgeni, kama mama anayemwita mwanawe mbaya mbele ya watu. Kuna upendo humo, na kuna dhulma, kwani kijana husikia maneno bila ya kusikia nia.

Tarehe 13 Januari 2025, Kombe la Mapinduzi, ambalo mwaka huo lilichezwa na timu za mataifa badala ya klabu, lilimalizika katika uwanja wa Gombani, Pemba, kwa Zanzibar Heroes kuifunga Burkina Faso 2–1. Furaha ilikuwa ya haki. Kwa mpenzi wa uhakiki, hata hivyo, ushindi ni msimu wa ukame. Namba hutoweka, hakuna anayeuliza namba 6 alisimama wapi, na kila kinda amekuwa mfalme. Makosa yanayoonekana kwa jicho la kawaida, mlinzi aliyeacha mtu wake, kiungo aliyepiga pasi fupi penye haja ya ndefu, husubiri mechi ya kufungwa ndipo yatajwe, na hapo yatatajwa kana kwamba yameanza siku ile. Baraza hufundisha vizuri ikiwa na uchungu. Ikiwa na raha hukariri.

Nyuma ya yote haya limesimama lile kombe la 1995. Mwaka huo Zanzibar ilitwaa Chalenji nchini Uganda kwa kuifunga timu ya pili ya wenyeji 1–0, na tangu hapo kila kikosi kipya hupimwa kwa kile. Wazee wa 1995 ndio malenga wa zamani, na vijana wa 2017 na wa 2025 ni wale watunzi wapya wanaoambiwa kila siku kuwa hawajui lugha. Tofauti ni moja. Anayesema malenga wa zamani walikuwa bora anaweza kuombwa alete diwani ifunguliwe, na beti zisomwe mbele ya wote. Anayesema kiungo wa 1995 asingepoteza mpira ule hana cha kufungua. Mashabiki wengi hawakuiona mechi ile, na wanachokilinganisha na mchezo wa kijana wa leo ni masimulizi ya miaka thelathini, yaliyopigwa msasa na kila aliyeyapokea. Bao lilikuwa moja tu. Jinsi lilivyoingia, na lilitoka umbali gani, hutegemea ni nani aliyeshika kikombe.