Faili tupu ambalo kufutwa kwake kulizima hazina: uchambuzi wa kosa la dnf Bungulu

Seva ya ofisi moja hapa Bungulu, mojawapo ya komini za mji wa Beni, iligoma kupokea masasisho. Ilikuwa na Oracle Linux 8, na kila amri ya dnf, programu ya kusasisha mfumo, iliishia na kosa moja: jina la mashini ya mbali halipatikani. Tukashuku mtandao. Tukazima modemu na kuiwasha, tukanunua mega nyingine za intaneti, kosa likabaki palepale.

Jibu lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yetu. Jina ambalo dnf ilikuwa ikilitafuta ni hili:

yum$ociregion.oracle.com

Kwa kawaida jina la mashini mtandaoni halina alama ya dola. Ndani ya faili za /etc/yum.repos.d, zinazotaja anwani za hazina za vifurushi, neno lenye dola mbele yake ni kigeu, yaani nafasi inayongoja kujazwa. Anwani ya hazina ya Oracle Linux 8 huanza na yum$ociregion.$ocidomain na huishia na $basearch. Dnf huijua $basearch kwa kutazama aina ya prosesa, na $releasever kwa kutazama toleo la mfumo. Vigeu vingine huvisoma katika folda ya /etc/dnf/vars: jina la faili ndilo jina la kigeu, na kilichomo ndicho thamani yake.

Faili la ocidomain lilikuwepo, nalo lilibeba oracle.com. Faili la ociregion halikuwepo. Mwenzetu, aliposafisha diski, alilifungua, akaona halina kitu, akalifuta.

Hapo ndipo kiini. Faili la ociregion hutaja eneo la seva zilizo kwenye wingu la Oracle. Kwa seva isiyo kwenye wingu hilo, kama yetu, huachwa tupu makusudi, ili anwani iwe yum.oracle.com. Faili tupu huiambia dnf: usiweke kitu hapa. Faili lisipokuwepo, dnf haina la kuweka, hivyo huliacha neno lilivyo, pamoja na dola yake.

Tiba ilikuwa mstari mmoja, kwa haki za root:

echo > /etc/dnf/vars/ociregion

Kisha dnf repolist -v ikatuonyesha anwani zikiwa zimejazwa, na masasisho yakaanza kushuka.

Tungeweza kuandika yum.oracle.com kwa mkono katika kila faili la hazina, lakini kesho faili jingine lenye kigeu hicho lingeanguka vilevile. Na msikimbilie dnf clean all: hufuta orodha za vifurushi zilizokwisha kupakuliwa, mkazilipia mega mara ya pili.

Kwetu mega hununuliwa kwa kuhesabu. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu mtandao, soma anwani iliyomo katika kosa, herufi kwa herufi. Ukiiona dola, chanzo kimo ndani ya mashini yako, na kukitafuta hakugharimu hata mega moja.