Jicho la Kuchagulia Brekidauni

Mpwa wangu alikuwa ameshaamua. Miaka sita ya kuendesha magari ya IT, yaani yanayopitishwa nchini kwenda nchi jirani, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwa safari moja, ilikuwa imempa akiba na wazo: aache kuyaendesha magari ya watu, ayabebe kwa brekidauni. Kazi ipo. Gari lililogongwa Chalinze haliwezi kurudi mjini lenyewe, na wanaonunua magari mabovu mnadani lazima wayafikishe gereji kwa namna fulani. Alitaka Land Cruiser pikapu na tela. Kwa hesabu zake, kilichobaki ni kulipa tu.

Nilimpeleka kwanza kwa mzee mmoja wa gereji za Tabata. Sijui kazi ya mzee huyu niiiteje. Si dalali, kwa kuwa hana gari la kuuza. Ni fundi, lakini spana siku hizi huwaachia vijana. Watu humwita akawatazamie gari la kazi kabla hawajatoa fedha, basi. Nilifuatana nao kwa siku kadhaa, na sijapata kumwona mtu akichagua kitu kwa utulivu namna ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Utabeba nini?"

"Magari."

"Yepi?"

Swali hilo lilimaliza asubuhi nzima. Mzee alitoa daftari la shule, akamtaka ayataje yote aliyowahi kuyaona yamekwama barabarani. IST, kama tani moja. Noah, tani moja na nusu. Hiace, karibu mbili. Shangingi la V8, tani mbili na nusu na ushee. Mpwa alipotaja Coaster, mzee aliweka kalamu chini akamtazama. Ukitaka kubeba Coaster, alisema, nunua lori la tani kumi, kisha ulilishe dizeli mwaka mzima likibeba IST. Coaster ikafutwa.

Hapo ndipo pikapu ilipopimwa. Mzee hakuidharau. Land Cruiser ya kazi imeruhusiwa kuvuta tani 3.5 kwa tela lenye breki zake, na ukilifungua tela unabaki na gari la kwendea Kariakoo kubeba mizigo mingine. Lakini tela lenyewe lina uzito. Toa kilo 900 hivi, na shangingi limeshajaza nafasi iliyobaki. Kisha akauliza kitu ambacho mimi nisingekifikiria: umewahi kurudisha tela kinyumenyume usiku, uchochoro wa Manzese, mvua inanyesha, na watu ishirini wanakuelekeza kwa pamoja? Mpwa alicheka. Mzee hakucheka.

Akabaki na lori fupi lenye kitanda kinachoteleza na kuinama hadi chini. Sababu yake kubwa iko kwenye magari tunayoendesha sasa. Zamani uliweza kufunga kamba mbele ukavuta. Leo mengi ni otomatiki, na pampu inayozungusha oili kwenye gia boksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku tairi za kuvutia zinazunguka barabarani, gia zinasagana bila oili. Unafika gereji na ugonjwa wa pili. Yale yanayovuta kwa tairi zote nne ndiyo hayataki kabisa kuinuliwa upande mmoja. Kwenye kitanda, yote hayo hayakuhusu.

Basi wakafanya hesabu, na hapa ndipo niliposogeza kiti. Chukua lori ambalo kibati chake kinasema uzito wa mwisho ni tani 7.5. Kichwa na chesisi vimekula tani mbili na nusu. Kitanda cha chuma na haidroliki yake, tani 1.8. Dereva, utingo, dizeli, minyororo, makapi, kilo 400. Kinachobaki ni tani 2.8. Gari ambalo mtaani huitwa "tani nne" linabeba shangingi moja na kubakiza uzito wa magunia mawili matatu. Anayesahau kupima kitanda chenyewe ataelezwa kwenye mizani ya Vigwaza, kwani magari yanayozidi tani 3.5 hayana ruhusa ya kuipita mizani.

Mpwa alitaka pia mkono wa nyuma, ule wa kuinua tairi mbili, ili abebe gari moja na kuvuta la pili. Mzee alikubali, ila akachukua fimbo akaiweka juu ya tofali. Tofali ni ekseli ya nyuma. Alikandamiza ncha fupi kwa kidole, ncha ndefu ikanyanyuka. Ikiwa ekseli mbili za lori zimeachana mita nne, na mkono unabeba kilo 800 mita mbili nyuma ya ekseli, tairi za mbele zinapoteza kilo 400. Usukani unakuwa mwepesi, dereva mgeni anafurahia, kumbe kona inayofuata lori halitageuka. Watu wa kazi hii huhakikisha mbele inabaki na angalau nusu ya uzito wake wa kawaida. Niliwahi kusoma kuhusu Ernest Holmes, fundi wa Chattanooga kule Marekani, aliyefunga nguzo tatu, kapi na mnyororo juu ya Cadillac ya mwaka 1913 na kuanzisha kazi hii mnamo 1916. Tangu hapo vyuma vimebadilika sana. Fimbo na tofali ni vilevile.

Kutazama magari kulichukua siku tatu, na mzee aliyakataa matatu. La kwanza lilichukua dakika kumi. Alipitisha kidole chini ya ubavu wa chesisi, akasimama, akarudisha kidole palepale. Kulikuwa na uvimbe wa kuchomelea chini ya rangi mpya. Lilikuwa lori la mizigo lililovishwa kitanda hapa hapa mjini, na aliyelivisha alichomelea pale chuma cha chesisi kinapobeba mvuto mkubwa kuliko kote. Mzee alimshukuru mwenye gari, tukaondoka.

La pili lilitoka Japani na kitanda chake, safi juu, lakini chini kutu ilikuwa imekula mabomba ya breki. Baadhi ya barabara za kaskazini mwa Japani humwagiwa chumvi wakati wa theluji. La tatu lilikuwa linang'aa, na injini ilikuwa ya moto tulipofika, ingawa tulikuwa tumeahidiana na muuzaji saa mbili asubuhi. Mzee aliweka kiganja kwenye injini, akakitoa. "Wameshaiwasha kwa ajili yetu," akasema. Hakuuliza bei.

La nne lilikuwa Isuzu Elf, injini 4HF1, lita 4.3, isiyo na turbo wala kompyuta ya dizeli. Ilikuwa baridi. Iliwaka mara ya pili. Alifungua mfuniko wa oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu kusikia pumzi, ilikuwa ndogo. Alikishusha kitanda, akakisimamisha katikati, kisha akaomba chai. Tulikunywa chai. Kitanda hakikushuka hata unene wa kidole, na ndipo nilipoelewa kuwa chai ilikuwa kipimo cha sili za haidroliki.

Winchi aliiacha mwisho. Aliufungua waya wote, mita kwa mita, akiupitisha kwenye kitambaa. Uzi uliokatika hunasa kitambaa kabla haujamchoma mtu. Akamweleza mpwa kuwa nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la chini kabisa la waya, na kila tabaka linaloongezeka juu yake hupunguza mvuto. Kwa hiyo gari lililozama topeni lisogelee na kapi, waya uende na kurudi: mwendo unapungua nusu, nguvu inakaribia maradufu.

Waya ulikuwa umekatika nyuzi pahali pawili. Bei ya waya mpya ikatolewa kwenye bei ya gari, na mwenye gari hakubisha. Ada ya mzee ilikuwa ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Lori sasa lina miezi minane barabarani. Rangi ni ileile ya bluu iliyofifia, na maandishi ya Kijapani mlangoni hayajafutwa.